Kwa nini hupewi risiti ya kura yako, na utajuaje kuwa imehesabiwa

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimepiga kura mara mbili sasa. Nikimtumia mtu pesa kwa simu, ujumbe unarudi papo hapo kuniambia zimefika kwa nani na saa ngapi. Lakini kura, ambayo tunaambiwa ni kubwa kuliko pesa, naikunja, naitumbukiza sandukuni, natoka na wino kidoleni, basi. Nitajuaje kwamba yangu ilihesabiwa, tena kwa yule niliyemchagua? Kwa nini tusipewe risiti, au hata namba ya kuifuatilia?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Swali lako huulizwa na wengi, na mara nyingi hujibiwa vibaya: watu huambiwa waiamini tume, wakae watulie. Sitakuambia hivyo. Uchaguzi ulioandaliwa vizuri hauombi imani yako, unakupa vitu vya kukagua. Ila risiti unayoitaka haimo kati ya vitu hivyo, na imeachwa nje kwa makusudi. Najua wewe ungeihifadhi yako vizuri. Shida ni yule atakayekuja kuiomba.

Tuseme risiti hiyo ipo, na imeandikwa jina la mgombea uliyemchagua. Jioni ya siku ya kura mwajiri anawaita vibarua: kila mmoja alete risiti yake ndipo apangiwe kazi ya kesho. Mume anaitaka ya mkewe. Mpambe wa mgombea amekaa kichochoroni na bahasha ya noti, risiti moja noti moja. Hakuna sheria inayokulazimisha kuionyesha. Lakini kwa kuwa unaweza kuionyesha, kukataa kwako peke yake kunatosha kuwa jibu. Ndiyo maana siri ya kura ni zaidi ya haki ya kunyamaza. Sheria inakunyima hata uwezo wa kuthibitisha, ili asiwepo wa kukulazimisha wala wa kukununua. Ukimtazama mwajiri machoni ukamwambia "nimempigia wako," hana pa kuhakikisha.

Haya hayakubuniwa darasani. Uingereza, kabla ya mwaka 1872, mpiga kura alisimama hadharani akamtaja mgombea wake kwa sauti, karani akaandika jina lake na chaguo lake kwenye daftari, na madaftari hayo yakachapishwa na kuuzwa. Mwenye ardhi aliweza kukaa nyumbani kwake akasoma ni mpangaji yupi aliyempinga. Makoloni ya Victoria na South Australia ndiyo yaliyotangulia kuubadili utaratibu huo mwaka 1856: karatasi zichapishwe na serikali, zote zifanane, na kila mtu aijaze yake peke yake mahali palipositiriwa. Uingereza ikafuata kwa sheria ya mwaka 1872, na uchaguzi wa kwanza wa bunge kwa kura ya siri ukafanyika mjini Pontefract tarehe 15 Agosti mwaka huohuo. Sanduku lake bado limehifadhiwa, na nta ya kulifungia ilipigwa muhuri uliokuwa ukitumika kutia chapa peremende za mji huo.

Kuna mfano mwingine ambao kwangu una uzito zaidi, kwa sababu unagusa kiini cha swali lako. Mwaka 1988, katika kura za mchujo za chama cha KANU nchini Kenya, wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea wao au wakala wake. Watu wakauita mlolongo. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa ameshinda bila kupita kwenye kura ya siri. Angalia vizuri: kila mtu alijiona amesimama wapi, na majirani zake walimwona. Hakuna risiti iliyo wazi kuliko hiyo. Na bado, sehemu kadhaa foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu. Watu walipotawanyika kurudi makwao, ushahidi ulitawanyika nao, kwa maana foleni haiwezi kuhesabiwa upya kesho yake. Kenya ikarudi kwenye kura ya siri katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1992. Kwa hiyo kujua kura yako imekwenda wapi hakukulindi. Kinacholinda ni kitu kinachobaki baada ya watu kuondoka, kinachoweza kuhesabiwa mara ya pili mbele ya wanaobishana.

Wanunuzi wa kura wanalijua hili kuliko sisi, nao hawaachi kutafuta risiti pale ambapo sheria haikuitoa. Ujanja wa zamani kabisa uko hivi. Mtu wa kwanza anaingia kituoni, anapewa karatasi, anajifanya kupiga kura, kumbe anatoka nayo mfukoni ikiwa tupu. Mnunuzi aliye nje anaijaza mwenyewe na kumpa mtu wa pili. Huyu anaingia, anapokea karatasi yake tupu, anatumbukiza ile iliyokwisha jazwa na kutoka na tupu kama malipo. Mnyororo unaendelea mpaka jioni, na kila karatasi tupu inayotoka ni risiti kwamba ile iliyojazwa imeingia. Ndiyo sababu vituo vingi hugonga muhuri au kuweka saini nyuma ya karatasi wakati wa kuitoa. Ndiyo sababu pia anakaa mtu kando ya sanduku, asiyesoma ulichojaza lakini anayehakikisha kwamba kinachoingia ni karatasi uliyopewa sasa hivi. Wengi humwona kama anayepoteza wakati wao. Mimi nikiingia kituoni, yeye ndiye ninayemtazama kwanza.

Italia ina visa viwili vya kufaa. Zamani mpiga kura wa nchi hiyo aliweza, chini ya chama alichokichagua, kuwataja wagombea kadhaa anaowapendelea. Waliotaka kudhibiti kura waligundua kwamba mchanganyiko wa majina unaweza kutumika kama saini. Wewe uandike huyu, huyu na huyu. Jirani yako aandike wengine watatu. Wakati wa kuhesabu, mtu anakaa anasikiliza. Mchanganyiko wako usiposomwa, umekwisha. Kura ya maoni ya mwaka 1991 ikapunguza majina hayo hadi moja. Kisha zikaja simu zenye kamera, na risiti ikarudi kwa mlango mwingine: piga picha karatasi yako, uniletee. Mwaka 2008 Italia ikapiga marufuku kuingia na simu kwenye kituturi cha kupigia kura.

Sasa unaweza kuelewa sheria moja inayowakera watu katika nchi nyingi: kwamba karatasi iliyoandikwa jina au saini ya mpiga kura hukataliwa, hata kama chaguo lake linaonekana wazi kabisa. Mtu anadhani anaadhibiwa kwa kujitambulisha. Kumbe saini ile ingekuwa risiti, na ikikubaliwa kwako itabidi ikubaliwe kwa yule aliyelipwa aiweke.

Na ile namba ya kuifuatilia? Uingereza ipo mpaka leo. Kila karatasi ina namba, na kituo huweka orodha ya namba iliyotolewa kwa kila mpiga kura. Kinadharia kura ya mtu inaweza kutafutwa ikapatikana. Lakini karatasi na orodha hufungwa katika vifurushi tofauti vyenye lakiri, havifunguliwi bila amri ya mahakama, na baada ya mwaka mmoja huteketezwa. Namba ipo ili jaji aweze kumfuata aliyepiga kura kwa jina la mtu mwingine. Mpiga kura mwenyewe hana ruhusa ya kuitumia. Sisemi utaratibu huo uigwe. Mahali ambapo watu wanaiogopa serikali, kujua tu kwamba namba ipo kunatosha kuwatia hofu. Nautaja uone kwamba hata walioruhusu ufuatiliaji walimnyima ufunguo mpiga kura.

India walikwenda nusu ya njia unayoitaka, na naona walifanya vyema. Wanatumia mashine, na watu walilalamika hivyohivyo: nimebonyeza, nitajuaje? Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 2013 ikataka kuwepo ushahidi wa karatasi. Ukibonyeza sasa, kipande cha karatasi chenye jina na alama ya uliyemchagua kinatokea nyuma ya kioo. Unakitazama kwa sekunde 7, kisha kinakatika na kuanguka ndani ya sanduku lililofungwa. Umekiona, umeridhika, wala hukukigusa. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2019 utaratibu huo ulitumika majimbo yote, na vipande vya vituo vichache vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu huhesabiwa kwa mkono kulinganisha na mashine.

Utaratibu ninaoupenda kuliko yote ni wa Gambia. Tangu miaka ya 1960 wapiga kura wake wametumia gololi. Unapewa gololi moja, unaingia mahali pa faragha palipopangwa mapipa ya rangi mbalimbali, kila moja na picha ya mgombea. Gololi inapitishwa kwenye mrija, na ndani inagonga kengele. Waliokaa nje wanausikia mlio, lakini hawajui ni wa pipa lipi. Mlio wa pili ukisikika, wanajua umejaribu kupiga mara mbili. Hata baiskeli huzuiwa karibu na kituo, kengele zake zisije zikachanganya masikio. Gololi hazina jina wala namba, zote ni sawa. Ule mlio mmoja ndio risiti pekee unayoruhusiwa kuwa nayo, na kila mtu kituoni anaipata pamoja nawe: huyu amepiga, amepiga mara moja. Amempigia nani, hakuna anayejua. Wino kidoleni mwako unasema jambo lilelile. Alama ya karani mbele ya jina lako daftarini nayo ni hivyohivyo.

Hapo ndipo nusu ya pili ya jibu inapoanzia. Kura yako ikishaingia sandukuni haina mwenyewe tena. Hutaweza kuifuata peke yake, lakini unaweza kulifuata sanduku zima. Ukiwa na hakika kwamba zilizoingia ni zile tu zilizotolewa kihalali, kwamba hakuna iliyotoka, na kwamba zote zimehesabiwa mbele ya watu, basi yako imo humo, kwa kuwa haikuwa na njia ya kutokea.

Hakika hiyo huanza alfajiri. Kabla mpiga kura wa kwanza hajaingia, sanduku hufunguliwa na kugeuzwa juu chini mbele ya mawakala wa vyama na waangalizi, waone ni tupu, kisha hufungwa kwa lakiri zenye namba. Wakala anayejua kazi yake anaziandika namba hizo kwenye daftari lake mwenyewe, kwa sababu jioni kabla ya kufungua atazisoma tena. Nchi nyingi hutumia masanduku yanayoonyesha ndani. Ufaransa iliyafanya kuwa ya lazima kwa sheria ya mwaka 1988.

Halafu kuna hesabu, na hapa naomba uvumilivu wako, maana hapa ndipo ulinzi wako ulipo, na karibu hakuna anayekufundisha. Chukua mfano wa kubuni. Kituo kimepokea karatasi 500. Mwisho wa siku majina yaliyotiwa alama daftarini ni 372. Watu 3 walikosea kujaza, wakazirudisha karatasi zao na kupewa nyingine. Hizo zilizorudishwa zinawekwa kwenye bahasha yake. Ambazo hazikutumika ni 125. Jumlisha: 372, na 3, na 125, unapata 500. Hesabu hii inafanywa na kuandikwa kabla sanduku halijafunguliwa. Ikifanywa baadaye haina maana, kwa kuwa mwenye nia mbaya ataipanga ilingane na alichokikuta ndani. Likifunguliwa, karatasi huhesabiwa kwanza kwa idadi tu, bila kuangalia zimempigia nani. Lazima ziwe 372.

Zikiwa 380, karatasi 8 zimeingizwa na mtu, na jambo la kuuliza ni kama zina muhuri wa kituo. Zikiwa 371, kuna moja iliyotoka nje. Sasa kumbuka ule mnyororo wa wanunuzi: mtu wa kwanza alitoka na karatasi bila kutumbukiza kitu. Pengo la karatasi moja linaweza kuwa alama pekee ambayo mnyororo wa watu thelathini huiacha nyuma.

Niliwahi kukaa usiku katika kituo kimoja kama mwangalizi. Daftari lilisema idadi moja, sanduku likatoa pungufu ya moja. Saa zilikuwa zimekwenda, taa ilikuwa ya betri na inafifia. Karani akapendekeza idadi ya daftari ipunguzwe kwa moja ili mambo yaende. Hakuwa mwizi, alikuwa amechoka. Wakala mmoja kijana akakataa katakata, naye wala hakuwa wa chama kilichokuwa nyuma. Chama chake kilikuwa kinaongoza kwa mbali. Zikahesabiwa upya, moja moja, kila karatasi ikikunjuliwa na kunyanyuliwa. Iliyokosekana ikapatikana imejikunja ndani ya nyingine. Mtu alikuwa ametumbukiza yake na ikapenya kwenye mkunjo wa karatasi iliyokuwa chini. Kama ilikuwa ya jirani yangu au ya mtu nisiyemjua, sitajua kamwe. Lakini ilihesabiwa, kwa sababu hesabu ya daftari ilikuwa imeandikwa na palikuwa na mtu aliyekataa isiguswe.

Kuhesabu kwenyewe kukifanywa kituoni, papo hapo, ndipo salama zaidi. Kila karatasi inanyanyuliwa, inaonyeshwa, inasomwa. Ufaransa wahesabuji huchukuliwa kutoka kwa wapiga kura wenyewe waliopo. Sanduku linaloondolewa kabla ya kuhesabiwa, likapakiwa garini kwenda mbali, linatia shaka hata kama hakuna aliyelifungua, kwa sababu kuanzia hapo unategemea neno la dereva.

Kisha inakuja fomu ya matokeo ya kituo. Binti yangu, ukisahau yote niliyoandika, usisahau fomu hiyo. Ni karatasi moja yenye idadi ya kila mgombea, zilizokataliwa, na jumla. Imesainiwa na msimamizi wa kituo na mawakala. Nakala yake mawakala wanaondoka nayo, na nyingine inabandikwa nje ya kituo. Tofauti na kura, fomu haina siri yoyote. Mtu yeyote anaweza kuisoma, kuinakili, kuipiga picha. Kwa maneno mengine, risiti unayoitafuta ipo. Imeandikwa kwa jina la kituo kizima, na kwa kuwa watu mamia wamo ndani yake, hakuna anayeweza kukuuliza ya kwako ni ipi.

Mimi naamini kuwa wizi mkubwa wa kura hautokei sandukuni. Kujaza masanduku ni kazi ya jasho, inahitaji watu wengi, na wote wanaweza kusema. Ni rahisi zaidi kubadili tarakimu mahali pa kujumlishia, ambapo mtu mmoja mwenye kalamu anaweza kugusa vituo mia. Februari 1986 huko Ufilipino, wafanyakazi wa kompyuta zaidi ya 30 waliokuwa wakijumlisha matokeo kwa niaba ya tume walisimama wakatoka ukumbini, baada ya kuona takwimu zilizokuwa zikitangazwa hazilingani na walizokuwa nazo. Wakati huohuo raia wa kujitolea wa NAMFREL, kikundi cha raia cha kulinda uchaguzi, walikuwa wakijumlisha kwa kutumia fomu za vituo. Watu walikuwa na kitu cha kulinganisha.

Zimbabwe, katika uchaguzi wa tarehe 29 Machi 2008, sheria iliyorekebishwa ilitaka matokeo yabandikwe nje ya kila kituo. Watu wakazunguka wakizipiga picha fomu hizo. Matokeo rasmi ya urais hayakutoka hadi tarehe 2 Mei, zaidi ya mwezi mzima, lakini picha zilikuwa zimekwisha toka. Karatasi zile za milangoni ndizo zilizofanya iwe vigumu kutangaza matokeo ya kubuni. Hazikuzuia vurugu na mateso yaliyofuata kabla ya duru ya pili, na sitaki uelewe kwamba zilitosha.

Malawi ndiko fomu ilikofika mahakamani ikazungumza. Baada ya uchaguzi wa Mei 2019, ilionekana fomu nyingi zimepakwa wino mweupe wa kufutia, tarakimu mpya zikaandikwa juu yake. Nchi nzima ikaanza kuutaja uchaguzi huo kwa jina la wino wenyewe. Tarehe 3 Februari 2020 majaji watano walifuta matokeo ya urais, na uchaguzi ukarudiwa tarehe 23 Juni mwaka huo, ukaleta mshindi mwingine. Aliyepaka wino ule alidhani anaficha kosa. Kumbe kwenye karatasi, kufuta nako huacha alama.

Kenya fomu hiyo ya kituo inaitwa 34A. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais uliokuwa umefanyika Agosti. Kati ya yaliyoilemea tume ni kwamba mshindi alitangazwa kabla fomu zote za vituo hazijapokelewa. Miaka 5 baadaye tume ikaziweka picha za fomu za vituo vyake 46,229 kwenye tovuti wazi, na mwananchi mwenye simu akaweza kufungua ya kituo chake. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo ya mwisho na kesi ikaenda mahakamani, lakini safari hiyo mabishano yalikuwa juu ya karatasi ambazo kila mtu alikuwa ameziona.

Umegusia kufuatilia kwa simu. Kuhusu mashine na mitandao nitakuambia kwa ufupi. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilitoa hukumu tarehe 3 Machi 2009 kuhusu mashine zilizotumika katika uchaguzi wa mwaka 2005, na kanuni yake nadhani ni bora kuliko zote zilizowahi kuandikwa juu ya jambo hili: hatua muhimu za uchaguzi lazima ziweze kukaguliwa na raia wa kawaida, asiye na utaalamu wowote wa kiufundi. Mashine zile hazikufikia kipimo hicho. Estonia, inayopiga kura kwa intaneti tangu 2005, ililijibu tatizo la ununuzi kwa njia ya werevu: unaweza kupiga tena na tena, na ya mwisho ndiyo inayohesabiwa, hivyo aliyekusimamia saa nne hajui ulifanya nini saa tano. Unaweza pia kuhakiki kwa simu, kwa muda mfupi, kwamba seva imeipokea kura yako. Ni kazi nzuri. Lakini jinsi inavyohesabiwa baadaye, mtu wa kawaida anaelezwa tu, hawezi kuona kwa macho yake kama anavyoona karatasi ikinyanyuliwa.

Mashine inayonifaa ni ile inayoacha karatasi nyuma yake, na watu wakaikagua kweli. Jimbo la Colorado huko Marekani lilianza mwaka 2017 ukaguzi wa jimbo zima ambao karatasi za kukaguliwa huchaguliwa kwa kurusha dadu hadharani, dadu 20 zenye pande 10 kila moja, asipatikane wa kujua mapema ni zipi zitakazotolewa. Kadiri pengo kati ya wagombea lilivyo dogo, ndivyo karatasi nyingi zaidi zinavyotolewa.

Sitakuficha mahali ambapo ulinzi huu haufiki. Hesabu za kituo zinaweza kulingana barabara huku daftari lenyewe likiwa na majina ya marehemu, na kura zimepigwa kwa majina hayo. Haziwasaidii waliozuiwa kufika kituoni, wala waliotishwa wakabaki nyumbani. Na mawakala wakitolewa nje, hata kwa nusu saa, sehemu kubwa ya niliyoyaeleza inaanguka, kwa sababu yote yanategemea macho ya watu wasioaminiana yakiwa chumba kimoja. Ukisikia mawakala wamefukuzwa, usisubiri kusikia ni kura ngapi zimeibwa. Anayelaumiwa ndiye awe na kazi ya kuthibitisha kwamba hakuna kilichofanyika gizani.

Kwa hiyo safari ijayo usiishie kwenye wino. Sheria za nchi zinatofautiana kuhusu nani anaweza kukaa karibu na kituo na kwa umbali gani. Zisome mapema, na kama zinaruhusu, rudi jioni. Sikiliza hesabu ikisomwa. Fomu ikibandikwa, angalia kwanza jumla: kura za wagombea wote ukijumlisha na zilizokataliwa, je, zinafikia idadi ya karatasi zilizokutwa sandukuni? Angalia saini za mawakala ni ngapi, na kama kuna aliyekataa kusaini, ameandika sababu gani. Tarakimu iliyofutwa bila saini pembeni, iandike. Siku chache baadaye, tume ikitoa matokeo ya kituo kimoja kimoja, tafuta chako uyalinganishe. Tume isipoyatoa kwa mpangilio huo, hilo ndilo la kuwauliza wabunge wenu tangu sasa, kabla kampeni hazijaanza na kila swali halijaonekana la chama fulani.

Ukipiga picha, piga mbili, moja ya fomu nzima na nyingine ya karibu inayoonyesha jina na namba ya kituo. Uwe na kalamu pia. Tochi ya simu ikimulika karatasi iliyobandikwa usiku, mara nyingi tarakimu humezwa na mng'ao, na picha ikija kufunguliwa asubuhi haisomeki.